Askari Asitumwe Kutafuta Mshahara Wake Barabarani

Mwezi wa Agosti mwaka 2023, katika mji mdogo wa Goodhue, jimbo la Minnesota nchini Marekani, mkuu wa polisi alisimama mbele ya baraza la mji akawaarifu madiwani kwamba anaacha kazi. Askari waliosalia chini yake nao wakaacha pamoja naye. Mji wenye wakazi wapatao 1,300 ukajikuta hauna askari hata mmoja wa kwake. Sababu haikuwa siri. Mkuu huyo alikuwa amekwisha kuliambia baraza kwamba hapati waombaji kwa mshahara wa kuanzia wa dola 22 kwa saa, wakati idara nyingine zinatoa dola 30 na zaidi. Hatimaye doria ya mji ikakabidhiwa kwa sherifu wa kaunti.

Wako watakaoisoma habari hiyo na kucheka. Watasema: tazameni taifa linalopeleka manowari katika bahari zote za dunia, lakini haliwezi kumlipa askari wa mji mdogo. Kicheko hicho ni chepesi, wala hakitatufundisha lolote. Jambo lililotokea Goodhue si ajali, na wala si aibu ya madiwani wa mji ule peke yao. Ni tunda la mpango wa miaka mingi, mpango ambao baadhi ya watu, hata miongoni mwetu, huutaja kwa sifa: kila mji ujitegemee, kila ofisi ijilishe, kila mtumishi aoneshe kiasi alichoingiza. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba mpango huo, ukitumiwa katika kazi ya ulinzi, humgeuza mlinzi kuwa mtoza ushuru, na humgeuza raia kuwa windo.

Kwanza hatuna budi kuelewa jinsi polisi ya Marekani ilivyo. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea jeshi moja la polisi, lenye mkuu mmoja, linalolipwa na hazina ya taifa. Askari wa mjini na askari wa wilaya ya mbali hupokea mshahara kwa ngazi ile ile. Marekani sivyo. Huko kuna vyombo vya polisi vipatavyo 18,000, kila kimoja na mkuu wake, sare yake, bajeti yake na kanuni zake. Viko vya serikali kuu, vya majimbo, vya kaunti, vya miji, vya vyuo, na hata vya shule. Tunaposikia habari za polisi wa New York, wenye maelfu na maelfu ya askari, tusidhani kwamba hiyo ndiyo sura ya kawaida. Karibu nusu ya idara za polisi za miji zina askari wa kudumu wasiofika 10. Hiyo ndiyo polisi ambayo Mmarekani wa mji mdogo huijua.

Idara hizo hulishwa na nini? Kwa sehemu kubwa hulishwa na kodi ya majengo na viwanja na kodi ya mauzo ya mji wenyewe. Basi mji wenye majumba ya fahari na maduka makubwa huwa na fedha. Mji ambao kiwanda chake kimefungwa na nyumba zake zimeshuka thamani huwa hauna. Nao uhalifu, kama tujuavyo, haupungui kwa sababu kiwanda kimefungwa. Mara nyingi huongezeka. Kwa hiyo panapohitajika ulinzi zaidi ndipo fedha zinapokuwa chache zaidi. Mtu aliyetaka kubuni utaratibu wa kuwanyima maskini ulinzi asingeweza kupata ulio bora kuliko huo.

Matokeo yake ni yale ambayo mtumishi yeyote wa serikali anaweza kuyakisia. Askari huajiriwa kwa saa chache kwa wiki, naye hulazimika kutafuta kazi ya pili ili alishe watoto wake. Gari la doria hununuliwa likiwa limekwisha kuchoka mikononi mwa idara kubwa. Usiku hubaki askari mmoja peke yake, na akihitaji msaada humngoja mwenzake atoke mji wa jirani. Mwaka 1998 serikali kuu ya Marekani ilitunga sheria ya kusaidia hadi nusu ya gharama ya fulana za kuzuia risasi. Sheria haitungwi kwa jambo lisilokuwapo. Kuwapo kwake ni ushahidi kwamba wako askari waliotumwa kukabili bunduki wakiwa wamevaa shati tupu, kwa sababu tu mji wao haukuwa na fedha.

Vivyo hivyo, sheria ya mwaka 1994 iliahidi askari wapya 100,000 kwa msaada wa serikali kuu. Msaada huo ulikuwa wa muda. Mji ulisaidiwa kulipa mishahara kwa miaka michache, kisha ulitakiwa ubebe mzigo wenyewe. Mji tajiri uliweza. Mji maskini ulibaki na chaguo mbili: kumwachisha askari kazi, au kutafuta fedha mahali pengine. Nitaeleza baadaye mahali hapo pengine ni wapi.

Tuzingatie kwanza nani anayebaki katika idara maskini. Kijana mwenye bidii huajiriwa na mji mdogo, hujifunza kazi, kisha huitwa na idara kubwa yenye mshahara mnono, naye huenda. Nani amlaumu? Mji mdogo umekuwa shule ya bure kwa mji mkubwa. Pengo lake hujazwa na yeyote anayekubali mshahara uliobaki, na mara nyingine anayekubali ni yule aliyefukuzwa kwingine. Wanasheria wawili waliochunguza kumbukumbu za askari wa jimbo la Florida, wakachapisha matokeo yao mwaka 2020, walikuta kwamba askari waliopata kufukuzwa huelekea kuajiriwa na idara ndogo zaidi zenye uwezo mdogo zaidi. Mwaka 2014, katika mji wa Cleveland, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alipigwa risasi na askari akiwa anachezea bastola ya bandia. Askari yule alikuwa ameonekana hafai kazi hiyo katika idara aliyotangulia kuitumikia. Baada ya Cleveland kumfukuza, mwaka 2018 mji mdogo wa Bellaire, jimbo la Ohio, ulimwajiri; na mwaka 2022 mji mdogo mwingine, Tioga wa Pennsylvania, nao ulimwajiri. Mara zote mbili kelele za watu zilimfanya ajiondoe upesi. Lakini swali linabaki: kwa nini miji hiyo ilikuwa tayari kumpokea? Jibu moja kubwa ni kwamba mwenye njaa hana miiko.

Sasa tufike mahali pale pengine ambapo mji maskini hutafuta fedha. Ni barabarani.

Tarehe 9 Agosti 2014, katika mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, kijana wa miaka 18 aitwaye Michael Brown aliuawa kwa risasi na askari polisi. Mji uliwaka moto. Wizara ya Sheria ya Marekani ilipeleka wachunguzi, nao walitoa taarifa mbili mwezi Machi 2015. Ya kwanza ilisema kwamba ushahidi hautoshi kumshtaki askari yule. Ya pili, ambayo haikusomwa sana huku kwetu, ndiyo iliyoeleza kwa nini mji mzima ulikuwa na hasira iliyongoja cheche tu.

Taarifa hiyo ilionesha kwamba Ferguson, mji wa watu wapatao 21,000, ulikuwa umeifanya polisi yake kuwa shamba la mapato. Mwaka wa fedha 2010 faini na ada za mahakama ziliuingizia mji dola milioni 1.38. Bajeti ya mwaka 2015 ilikadiria dola milioni 3.09 kati ya mapato yote ya dola milioni 13.26. Mkurugenzi wa fedha wa mji alimwandikia mkuu wa polisi kumhimiza hati za faini ziongezwe, kwa maana bila hivyo makusanyo ya mwaka unaofuata yangeshindwa kupanda. Askari walipimwa na kupandishwa cheo, kwa kiasi kikubwa mno, kwa wingi wa hati walizoandika. Kufikia Desemba 2014 watu zaidi ya 16,000 walikuwa na hati za kukamatwa zilizotolewa na mahakama ya mji huo. Na kwa kuwa rangi haiachwi nyuma katika nchi ile, Weusi, waliokuwa asilimia 67 ya wakazi, walikuwa asilimia 93 ya waliokamatwa kati ya mwaka 2012 na 2014.

Wachunguzi walieleza habari ya mama mmoja. Mwaka 2007 aliegesha gari lake isivyo halali mara moja tu. Akapewa hati mbili na kutozwa dola 151 pamoja na ada. Alikuwa maskini, na nyakati nyingine hakuwa na makazi. Aliposhindwa kulipa au kufika mahakamani, faini ilizaa faini. Katika miaka saba iliyofuata alikamatwa mara mbili, akakaa mahabusu siku sita, na akalipa jumla ya dola 550. Mwezi Desemba 2014 alikuwa bado anadaiwa dola 541. Msomaji mwenye kujua hesabu na azitazame tarakimu hizo vizuri. Deni la dola 151 lililipwa dola 550, likabaki dola 541. Hata mkopeshaji wa riba wa sokoni angeona haya.

Wala Ferguson haikuwa peke yake. Kijiji cha New Rome katika jimbo la Ohio kilikuwa na wakazi 60 tu, lakini polisi wake walivuma kwa kuwatega madereva wa njia kuu iliyokikata, hata mahakama ikakifuta kijiji chenyewe mwaka 2004. Katika mji wa Waldo, jimbo la Florida, askari wenyewe walijitokeza mwaka 2014 wakaliambia baraza kwamba wanalazimishwa kufikisha idadi maalumu ya hati za faini, jambo lililokatazwa na sheria; mwaka huo huo idara nzima ikavunjwa. Na katika mji wa Brookside, jimbo la Alabama, wenye wakazi 1,253, mapato ya faini na mali zilizotwaliwa yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 600 kati ya mwaka 2018 na 2020, yakafikia nusu ya mapato yote ya mji. Waandishi wa magazeti walipoyafichua hayo mwezi Januari 2022, mkuu wa polisi alijiuzulu.

Hapa pana jambo ambalo lazima lisemwe kwa haki. Faini hizo hazikuingia mfukoni mwa askari. Ziliingia katika hazina ya mji, na hazina ndiyo iliyomlipa askari. Kwa hiyo askari hakuiba, alitii. Huo ndio ubaya wenyewe. Mwizi mmoja hukamatwa na kuondolewa; utaratibu mwovu huwatumia watu wema, nao hulala usingizi wakijua wametimiza wajibu. Askari wa Waldo waliokataa wanastahili heshima, kwa kuwa waliona kwamba amri ya kuwawinda raia si amri ya kazi yao.

Walimu wenzangu wataelewa zaidi kwa mfano wa shule. Tuseme mwalimu mkuu ameambiwa kwamba kuanzia leo chaki, madawati na mishahara ya walimu vitatokana na faini za wanafunzi wanaochelewa. Mwezi wa kwanza atawatoza waliochelewa kweli. Wanafunzi wataogopa, watawahi, na fedha zitapungua. Mwezi wa pili, kwa kuwa mishahara haina budi kulipwa, ataisogeza kengele mbele. Mwezi wa tatu atasimama njiani kuwachelewesha. Wala hatakuwa amezaliwa mbaya. Atakuwa amewekwa mahali ambapo utii wa wanafunzi ni hasara kwake. Ndivyo ilivyo kwa polisi aishiye kwa faini: siku ambayo raia wote wanatii sheria ni siku ya njaa kwake. Je, mtu huyo atatamani kwa dhati watu watii sheria?

Wako wanaosema kwamba dawa ni vifaa. Wapeni polisi wa miji midogo silaha na magari, wasema, nao watafanya kazi. Marekani imekwisha kujaribu. Tangu miaka ya 1990 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo imekuwa ikigawa kwa idara za polisi vifaa vilivyozidi mahitaji ya jeshi, vyenye thamani ya awali ya zaidi ya dola bilioni 7. Bunduki za kivita zimetoka huko, na hata magari ya deraya yaliyotengenezwa kuhimili mabomu ya ardhini huko Iraq yameegeshwa mbele ya vituo vya polisi vya miji isiyopata kuona bomu. Sharti mojawapo ni kwamba vifaa hivyo vianze kutumiwa katika muda wa mwaka mmoja. Nani hatambui hatari ya sharti hilo? Ukimpa mtu nyundo na kumwambia airudishe asipoitumia, atautafuta msumari hata ukutani kwa jirani.

Mji wa Keene katika jimbo la New Hampshire, wenye watu wapatao 23,000, ulipata fedha za usalama wa taifa kununua gari la deraya la bei ya zaidi ya dola 280,000. Katika maombi yake mji ulitaja sikukuu yake ya maboga miongoni mwa mambo yanayoweza kushambuliwa na magaidi. Sicheki maboga. Ninachosema ni kwamba serikali kuu ilikuwa na fedha za gari la vita, lakini miji ya aina hiyo kote nchini ikalia kwamba haina fedha za mishahara na mafunzo. Deraya hupigwa picha, na mwenye kiwanda chake hupata faida. Mshahara wa askari mtulivu anayejua majina ya watoto wa mtaa haupigwi picha, na wala hakuna kampuni inayofaidika nao.

Mfano mzito zaidi ni ule wa Uvalde, mji wa watu wapatao 15,000 katika jimbo la Texas. Tarehe 24 Mei 2022 kijana mwenye bunduki aliingia katika shule ya msingi ya Robb. Kamati ya bunge la jimbo iliyochunguza ilihesabu askari 376 waliofika, kutoka vyombo vingi mbalimbali: wa mji, wa kaunti, wa jimbo, wa mpakani, na wa idara ya polisi ya shule yenyewe iliyokuwa na askari sita. Silaha zilikuwapo. Fulana zilikuwapo. Ngao zilifika. Lakini zilipita dakika 77 kabla ya muuaji kukabiliwa, kwa sababu hakuna aliyeshika uongozi na kila mmoja alimdhania mwingine. Walikufa watoto 19 na walimu wawili. Hicho ndicho kilele cha polisi iliyokatwa vipande 18,000: watu 376 wenye bunduki, na hakuna kamanda.

Kwa hiyo siombi vifaa tu, wala siombi fedha tu. Ninapinga utaratibu wa kukiacha kila kipande cha nchi kitafute ulinzi wake kwa kadiri ya utajiri wake.

Watetezi wa utaratibu huo wana hoja moja kubwa, nayo haifai kupuuzwa. Wanasema polisi wa mji mdogo huwajibika kwa wananchi wake. Mkazi humjua askari, diwani humjua mkuu wa polisi, na mambo husawazishwa kwa mazungumzo. Polisi wa mbali, wasema, hajui watu wala hajali. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mimi mwenyewe napenda askari anayejulikana. Lakini tujiulize: mama yule wa Ferguson alimjua nani katika mji uliomtoza mara tatu? Ukaribu wa ofisi si dhamana ya haki, iwapo ofisi hiyo inaishi kwa kumtoza huyo aliye karibu.

Tena yafaa tujue mipaka ya miji hiyo ilichorwaje. Mji wa St. Louis ulijitenga na kaunti yake mwaka 1876. Kaunti hiyo, ambamo Ferguson imo, ilikuja kugawanyika katika manispaa zipatazo 90. Baadhi ya mipaka hiyo ilichorwa na historia ya kawaida. Mingine ilichorwa kwa chuki. Mwaka 1970 wakazi wa eneo liitwalo Black Jack katika kaunti hiyo walijitangaza kuwa mji, na mara wakatunga kanuni za kuzuia ujenzi wa nyumba ambazo Weusi wangeweza kupanga. Mwaka 1974 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ikaamua kwamba kanuni hizo zilivunja sheria. Hivyo uhuru wa mji kujiamulia uliojaa midomoni mwa watetezi mara nyingine ulikuwa uhuru wa tajiri kujizungushia ukuta, kisha kumwambia aliyeachwa nje: nawe pia uko huru, jilipie polisi wako. Katika kaunti hiyo hiyo umo mji wa Ladue, makazi ya matajiri, ambao haulazimiki kumtuma askari wake akawinde taa mbovu za magari ya maskini. Ladue na Ferguson ni huru sawasawa. Ni uhuru wa aina gani huo?

Hoja ya pili ni ya wale wasemao kwamba askari ni mtu mbaya kwa asili, na kwamba kumwongezea mshahara ni kumlipa mwonevu. Hasira yao naielewa, lakini hitimisho lao silikubali. Idara ya polisi ya Jennings, jirani na Ferguson, ilivunjwa na baraza la mji wake mwaka 2011 baada ya uhusiano wake na wakazi kuharibika. Askari wake hawakutoweka duniani. Mmoja wao alipata kazi Ferguson. Naye ndiye aliyempiga risasi Michael Brown miaka mitatu baadaye. Ukivunja idara moja na kuziacha jirani zake zikiwa na njaa ile ile, umehamisha tatizo, hukulimaliza.

Ziko njia zinazoonesha kwamba mambo yanaweza kuwa vingine hata Marekani kwenyewe. Jimbo la Kentucky hutoa nyongeza ya malipo ya kila mwaka kwa askari wa miji na kaunti wanaokamilisha mafunzo yanayotakiwa, na fedha hizo hutoka katika mfuko wa jimbo zima. Hapo tajiri na maskini huchangia chungu kimoja, na askari wa mji mdogo hupata sababu ya kujifunza na kubaki. Missouri nayo, baada ya aibu ya Ferguson, ilitunga sheria mwaka 2015 kupunguza sehemu ya mapato ambayo mji unaweza kuipata kutokana na faini za barabarani, kutoka asilimia 30 hadi 20. Ni hatua njema, lakini ni nusu ya hatua. Kumfungia mtu mlango wa kuiba bila kumfungulia mlango wa kula ni kumwalika apite dirishani. Sheria ya kukataza faini lazima ifuatane na sheria ya kugawana mapato.

Sasa, ndugu msomaji, utaniuliza: haya yanatuhusu nini sisi? Hatuna idara 18,000. Mshahara wa askari wetu hautoki katika mfuko wa diwani. Ni kweli, na huo ni urithi unaofaa kulindwa. Lakini kujikosoa si dhambi. Nani kati yetu hajasikia mlalamikaji akiambiwa atoe fedha za mafuta ili gari likamfuate mtuhumiwa? Nani hajasikia askari wa wilayani akinunua karatasi za maelezo kwa fedha zake? Fungu linapoishia makao makuu, kituo cha mbali hugeuka Ferguson ndogo hata kama sare ni moja. Na ule msemo tunaoutamka kwa kicheko, kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, ndio Ferguson nzima iliyofupishwa kuwa maneno machache. Tofauti ni kwamba wao waliuandika katika bajeti.

Tena uko mtindo wa kuisifu ofisi kwa makusanyo yake hata pale ambapo kukusanya si kazi yake. Afisa wa kodi na apimwe kwa kodi. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini askari wa usalama barabarani apimwe kwa ajali zilizopungua. Hakimu apimwe kwa haki. Muuguzi apimwe kwa wagonjwa waliopona, na mwalimu kwa watoto wanaojua kusoma. Siku tutakapozisoma taarifa za polisi na kuanza kutafuta safu ya fedha kabla ya safu ya vifo, tujue tumekwisha kuianza safari ya Brookside.

Watumishi wa serikali ndio wanaoandaa makadirio ya matumizi. Anayeandika fungu la kituo cha polisi cha wilaya ya mbali huku akijua halitoshi, akitumaini kwamba wao wenyewe watajua la kufanya, na aelewe maana ya maneno hayo. Watajua la kufanya. Watafanya kwa mama muuza mboga, kwa kijana wa bodaboda, na kwa mkulima aliyeibiwa ng'ombe. Upungufu alioutia katika karatasi hautapotea. Utalipwa na mtu asiyejua kusoma karatasi hiyo, na ambaye hatapewa stakabadhi.

Askari alipwe vya kutosha, na alipwe na wote. Apewe redio ya upepo, gari lenye mafuta na nyumba isiyovuja, kabla hajapewa silaha ya vita. Kisha, akimwonea raia, aadhibiwe bila huruma, kwa kuwa hatakuwa na njaa ya kujitetea nayo. Mambo hayo mawili hayatenganiki. Taifa linalomnyima mlinzi wake ujira limekwisha kumpa ruhusa ya kujilipa, hata kama halikuitia ruhusa hiyo sahihi.